ADAU1701, Teensy au ESP32: ipi ya kujengea prosesa ya sauti Nairobi?

Mezani pangu kuna visanduku vitatu vya bati na vyote vina kazi moja: kupokea sauti ya stereo, kuikata vipande vya besi, kati na juu, kuichelewesha inapobidi, kuibana isipasue spika, kisha kuitoa kwa njia nne kwenda kwenye amplifaya. Cha kwanza kina ADAU1701 ya Analog Devices, chipu iliyotengenezwa kwa kuchakata sauti tu. Cha pili kina Teensy 4.1, bodi ndogo yenye chipu unayoiandikia programu, iliyobebeshwa bodi mbili za sauti. Cha tatu kina ESP32, chipu nyingine ya kuandikia programu yenye Wi-Fi na Bluetooth ndani, iliyoungwa na kigeuzi cha PCM1808 upande wa kuingilia na vigeuzi viwili vya PCM5102A upande wa kutokea. Mteja akiniuliza, "Fundi, ipi ndiyo kali?" nami humuuliza sanduku litakaa wapi, na nani atalifungua siku litakapolala.

Raspberry Pi sikuiweka humu. Ni kompyuta nzuri, ila umeme ukikatika ghafla ikiwa inaandika kwenye kadi yake ya kumbukumbu, kadi inaweza kuharibika, na Jumapili asubuhi si wakati wa kutafuta nakala ya mfumo. FPGA, yaani chipu unayojipangia saketi zake za ndani, kama Tang Nano 9K, nimeichezea. Ina vizidishi 20 vya biti 18 kwa 18 na kuchelewa kwake ni kudogo ajabu, lakini kichujio kimoja tu kwa Verilog, lugha ya kuzipanga chipu hizo, kilinila wikendi nzima. Anayetaka kujifunza aichukue. Anayetaka sanduku wiki hii aiache.

Nimepima kwa nini

Mambo sita: njia za sauti na ubora wa vigeuzi (vinavyogeuza sauti kuwa namba, na namba kuwa sauti), uwezo wa hesabu na usahihi wake, muda wa kuchelewa, jinsi saketi inavyovumilia umeme mchafu, urahisi wa kupanga na kurekebisha, halafu vipuri na bei. Hilo la nne nitakaa nalo zaidi. Watu hubishana usiku kucha kuhusu chipu, lakini kazi zangu nyingi zilizorudi na malalamiko zilirudi kwa sababu ya vitu vilivyoizunguka chipu.

Njia za sauti na vigeuzi

ADAU1701 imebeba vigeuzi vyake tumboni: viwili vya kuingiza na vinne vya kutoa. Hapo ndipo utamu wake ulipo, kwa sababu saketi nzima ya krosova (ile inayoikata sauti vipande) inakaa kwenye kiubao kidogo kuliko kadi ya benki. Kwenye karatasi, upande wa kuingiza una desibeli 100 kati ya sauti na kelele, upande wa kutoa 104. Ila pini zake za kuingilia zinapokea mkondo, si volti, kwa hiyo rezista ya nje ndiyo inayoamua chipu itameza sauti ya ukubwa gani. Ukiweka kilo-omu 18, itakubali hadi volti 2 kabla ya kuanza kukata. Ukiweka 7, mwisho ni volti 0.9. Bodi nyingi za bei nafuu huja bila maelezo ya rezista iliyowekwa. Mtu anaunga redio ya gari yenye volti 4, sauti inakwaruza, analaumu chipu. Geuza bodi, soma rezista, kisha ulaumu.

Bodi ya sauti ya Teensy ina chipu ya SGTL5000, ambayo ni stereo moja ya kuingia na moja ya kutoka. Ukitaka njia nne unapachika bodi mbili, na ile ya pili unaibadilishia anwani kwa kulehemu kiungo kidogo. Angalia pia unanunua toleo D, kwa sababu matoleo ya zamani yalitengenezwa kwa Teensy za nyuma na pini hazilingani. Faida kubwa hapa ni kwamba unyeti wa kuingilia unabadilishwa na programu, kutoka volti 0.24 hadi 3.12 kilele kwa kilele, bila kugusa chuma cha kulehemu. Ubora wa kuingiza uko karibu desibeli 90, na maktaba yake ya programu za sauti inafanya kazi kwa biti 16 na sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde. Ndani ya gari linalokimbia huwezi kutofautisha. Kwenye chumba cha kurekodia, ukipandisha sauti muziki ukiwa umenyamaza, utasikia upepo mwembamba.

Kwa ESP32, kwanza sahau kigeuzi chake cha ndani cha biti 12. Kile ni cha kupimia betri, si cha muziki. PCM1808 inakupa desibeli 99 na PCM5102A inakupa 112, tena inatoa volti 2.1 bila kuhitaji kapasita za kutokea, maana inajitengenezea volti hasi yenyewe. Kwa hiyo upande wa kutokea, kisanduku cha bei rahisi ndicho chenye namba bora. Gharama yake ni nyaya. PCM5102A inajitafutia saa yake, yaani mapigo yanayoiongoza kazi, lakini PCM1808 lazima iletewe saa kuu, na kwenye ESP32 ya kwanza saa hiyo hutoka kwa pini 0, 1 au 3 tu. Pini 1 na 3 ndizo za mawasiliano ya USB, kwa hiyo wengi huishia kwenye 0. Na pini 0 ndiyo chipu huiangalia inapowaka: ikiikuta imevutwa chini, inakaa kusubiri programu badala ya kupiga muziki. Ukiona sanduku lako linawaka siku moja na kukataa siku ya pili, anza hapo.

Nguvu ya hesabu, na pale besi inapoanza kusumbua

Kwa kila sampuli moja ya sauti, ADAU1701 inaweza kutekeleza amri 1,024 ikienda 48 kHz. Kiini kimoja cha ESP32 kwenye 240 MHz kina mapigo 5,000 kwa sampuli. Teensy 4.1, yenye 600 MHz, ina zaidi ya 13,000. Ukizitazama hivyo utadhani ADAU imeshaachwa mbali. Sasa tuhesabu kazi yenyewe. Kichujio cha daraja la pili kinahitaji mazidisho 5. Krosova ya Linkwitz-Riley ya desibeli 24 kwa oktava ni vichujio viwili kwa kila mkato. Besi moja, kati moja, twita (spika ndogo za sauti za juu) mbili: vichujio 10. Ongeza ikwalaiza ya bendi 10 kwa kila upande, unafika 30. Hayo ni mazidisho 150, na zile amri 1,024 bado hujazigusa vizuri. Kwa kazi ya kawaida ya krosova hakuna hata moja kati ya hizi tatu itakayotoka jasho.

Tofauti inajitokeza kwenye usahihi, na inajitokeza chini, kwenye besi. Kichujio cha 30 Hz kikiwa kwenye mfumo wa 48 kHz kina namba zinazokaribiana mno, tofauti yake ikiwa kwenye tarakimu za mwisho kabisa. Ukizikata tarakimu hizo, mkato unahama au kichujio kinaanza kunguruma chenyewe. ADAU1701 inafanya kazi kwa biti 28, na SigmaStudio inakupa vichujio vya usahihi maradufu wa biti 56 kwa kuchagua tu kisanduku kingine kwenye orodha. Waandishi wa maktaba ya Teensy wenyewe wanaonya kwamba kichujio chao cha kawaida kinaweza kuyumba chini ya takriban 400 Hz, na wanakuelekeza utumie aina nyingine. Ukijiandikia chako mwenyewe, tatizo linaisha, kwa sababu Teensy 4.1 inakokotoa namba za usahihi maradufu moja kwa moja kwenye chipu. ESP32 inafanya hivyo kwa usahihi wa kawaida tu. Ukidai maradufu, kazi inahamia kwenye programu na inakuwa nzito. Pale mimi hutumia namba za kawaida na kuupanga msimbo kwa muundo uliogeuzwa wa aina ya pili (transposed direct form II), ambao unapoteza tarakimu chache zaidi.

Kumbukumbu ya kuchelewesha sauti ni jambo jingine linalosahaulika. Spika za nyuma ya kanisa lazima zicheleweshwe zilingane na za mbele, la sivyo waumini wa viti vya mwisho wanasikia mahubiri mara mbili. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. ADAU1701 ina nafasi ya maneno 2,048 kwa data yote, yaani chini ya milisekunde 43 hata usipoweka kitu kingine, sawa na mita 14 hivi. Ukumbi ukiwa na mita 25 kati ya spika za mbele na za nyuma, chipu hiyo haitoshi, hata uibembeleze. Teensy na ESP32 zina nafasi tele kwa kazi hii.

Kuchelewa

Hapa ADAU inaongoza bila mjadala: inachakata sampuli moja moja, na kutoka kuingia hadi kutoka ni karibu milisekunde moja, nyingi ikiliwa na vigeuzi. Teensy inakusanya sampuli 128 kwanza, ambazo ni milisekunde 2.9, na ukijumlisha kuingia na kutoka unakaribia 6. Hiyo ni kama kusimama mita mbili kutoka kwenye spika. Mpiga gita hatalalamika. Mwimbaji mwenye sikio kali anayejisikia kwa spika za masikioni anaweza kusema sauti yake ni kama inatoka ndani ya bomba. ESP32 inategemea umeweka akiba ya ukubwa gani. Ukiibana sana, siku Wi-Fi ikiwa na shughuli muziki unakatika. Na sauti ikija kwa Bluetooth, hesabu zaidi ya milisekunde 100. Kwa kupiga muziki si kitu. Kwa maikrofoni, hapana.

Umeme na graundi

Nganya (matatu iliyorembwa) ya kwanza niliyoifungia prosesa ilikuwa ya abiria 33. Gereji tulijaribu injini ikiwa imezimwa. Besi ilitetemesha vioo, mwenye gari akanipa mkono. Tulipoingia Jogoo Road dereva akakanyaga mafuta, na mbu akaanza kuimba ndani ya twita. Injini ikipanda, mbu anapanda. Tukifika raundabauti ya City Stadium na kusimama, mbu anashuka. Makanga akacheka: "Fundi, umetuwekea na wimbo wako?"

Mbu huyo ni alteneta, jenereta ya gari inayochaji betri. Ya kawaida ina jozi 6 za ncha za sumaku na fezi 3, kwa hiyo baada ya diodi kila mzunguko mmoja unaacha mawimbi madogo 36 kwenye umeme. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika na puli zikizidisha mara 2.5, alteneta inazunguka 3,750, na mawimbi yanafika 2,250 kwa sekunde. Hapo ndipo sikio la binadamu ni kali, na ni karibu na pale twita inapoanza kazi. Nilibadilisha chipu, mbu akabaki. Nikaongeza kapasita kwenye umeme, akapungua kidogo tu. Kosa lilikuwa graundi mbili. Redio ilikuwa imeshikwa kwenye bodi ya gari mbele, amplifaya zikashikwa nyuma, na mkondo mkubwa wa amplifaya ulipopita kwenye bati la gari uliacha tofauti ya millivolti chache kati ya mbele na nyuma. Tofauti hiyo ilikuwa inapanda kwenye ganda la waya wa sauti na kuingia kwenye prosesa kama sehemu ya muziki.

Dawa ni kuingiza sauti kwa njia ya tofauti: op-ampu (kikuzaji kidogo cha ishara) moja ya TL072 na rezista nne za kilo-omu 10 kwa kila upande, ikitoa kilicho kati ya waya wa ndani na ganda lake, na kutupa kilicho cha pamoja. Rezista za asilimia 1 zikitoka kwenye mfuko bila kuchaguliwa zinaweza kukupa desibeli 34 tu za kutupa kelele. Mimi humwaga ishirini mezani, nazipima kwa multimita, nachagua nne nne zinazolingana. Dakika kumi za kazi, na mbu hakurudi. Saketi hii nimeieleza bila kutaja chipu kwa sababu zote tatu zinaihitaji sawasawa: pini za kuingilia za ADAU1701, za SGTL5000 na za PCM1808 zote hupima sauti dhidi ya graundi.

Chipu hizi zinapotofautiana ni kwenye umeme wenyewe. ADAU1701 inataka volti 3.3 safi, na volti 1.8 za kiini inajitengenezea kwa transista moja ya PNP ya nje. Inakunywa kidogo, kwa hiyo ni rahisi kuisafishia umeme. Unyonge wake uko kwenye kichujio kidogo cha saa yake ya ndani, rezista ya omu 475 na kapasita mbili za nanofaradi 3.3 na 56. Ukichora ubao wako mwenyewe, viweke vitatu hivyo vigusane na pini. Niliwahi kuviweka sentimita mbili mbali ili ubao upendeze, na chipu ikawa inawaka inapotaka.

Teensy inataka volti 5 na mkondo wa kiasi cha miliampea 100 ikienda mwendo wake wote. Bodi yake ya sauti inachukua umeme kutoka kwa Teensy yenyewe, kwa hiyo huna nafasi kubwa ya kuutenganisha. Lakini mpangilio wa ubao umeshafanywa na watu wanaojua, nawe huwezi kuuharibu. Kwa mtu ambaye hajawahi kuchora ubao wa saketi, hilo lina thamani kuliko desibeli kumi.

ESP32 ndiyo yenye fujo. Redio yake ya Wi-Fi inapotuma, inavuta mkondo kwa mikupuo inayofika miliampea 240, halafu inaachia, halafu inavuta. Ukilisha PCM5102A kwa regyuleta ile ile, utasikia tik-tik-tik muziki ukiwa umenyamaza, kama mtu anayebisha mlango kwa kucha. Weka regyuleta mbili, moja ya ESP32 na moja ya sauti, kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na ESP32, na waya fupi za I2S (zinazopitisha sauti ya kidijitali kati ya chipu) zenye rezista ya omu 33 mwanzoni mwa waya wa saa. Baada ya hapo inatulia. Ila usiniambie haukuonywa.

Regyuleta ya AMS1117 usiiunge moja kwa moja kwenye volti 12 ya gari. Ikishusha hadi 3.3 kwa miliampea 150, inageuza wati 1.3 kuwa joto kwenye kipande kidogo kama ukucha. Shusha kwanza kwa LM2596 hadi 5 au 6, pitisha kwenye koili na kapasita, kisha umalizie na AMS1117. Mbele ya yote weka diodi ya kufyonza mapigo ya volti, maana gari si betri ya maabara.

Na dereva anapopiga stata, volti inaanguka, prosesa inazima na kuwaka tena, na kila kuwaka ni mshindo unaokwenda moja kwa moja kwenye spika za inchi 15. PCM5102A ina pini ya kunyamazisha, XSMT, ambayo unaishikilia chini hadi programu iwe tayari. Kwa ADAU na Teensy mimi huwasha waya wa rimoti wa amplifaya kwa transista, sekunde mbili baada ya chipu kuamka.

Kupanga na kurekebisha

SigmaStudio ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows. Unaburuta visanduku, unaviunganisha kwa mistari, unabonyeza, na sauti inabadilika papo hapo huku gari linanguruma. Hakuna msimbo. Fundi wa spika asiyejua kuprogramu anaweza kuimudu kwa siku mbili. Programu huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ndogo kama 24LC256, na chipu inaisoma yenyewe ikiwaka. Zipo pia pini nne za kusomea vifundo, kwa hiyo kifundo cha besi hakihitaji kompyuta. Kero ni kwamba bila laptopu ya Windows na kiunganishi cha USB huwezi kubadilisha chochote, na faili ya mradi ikipotea, umepoteza kila kitu. Kwenye chipu huwezi kuirudisha ile michoro.

Teensy ina ukurasa wa kuchora njia za sauti kwenye kivinjari, ambao hukupa msimbo wa kuanzia. Baada ya hapo ni C++. Ni rafiki sana kwa anayejua kuandika, na makosa yake huonekana kwa maneno, si kwa ukimya.

Kwa ESP32 utaandika mengi mwenyewe, lakini unapata kitu ambacho wengine hawana: ukurasa mdogo unaofunguka kwenye simu. Mwalimu wa kwaya anashusha besi akiwa kiti cha nyuma bila kuniita. Halafu kuna limita, inayozuia sauti isipite kiwango. Tangu kanuni za kelele za 2009, NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ina meno ya kisheria dhidi ya makelele, na mwenye gari mmoja aliniomba nifunge kiwango cha juu kwa nywila ambayo makanga hataijua. Iliwezekana kwa mistari michache. (Makanga aliijua ndani ya wiki mbili, ilikuwa namba ya gari.)

Vipuri na bei

ESP32 utaipata Luthuli na River Road bila kutafuta sana, na bei ya mbao zote nne pamoja bado iko chini ya Teensy peke yake. Teensy 4.1 inauzwa na watengenezaji kwa dola thelathini na kitu, kabla ya usafiri na VAT ya asilimia 16, na bodi mbili za sauti juu yake. Ikifa, unasubiri mzigo. ADAU1701 iko katikati: bodi zilizokwisha kuunganishwa ni nafuu, lakini nyingi unaagiza. Chipu yenyewe ina miguu 48 yenye nafasi ya nusu milimita. Kwa fluksi nzuri na ncha nyembamba inabadilishika kwa mkono, na nimefanya hivyo mara tatu, mara moja nikiwa nimeshikilia pumzi.

Kwa hali yako

Kama unajenga krosova ya gari au ya baa, ukaipanga mara moja na kuiacha, na wewe ni fundi wa spika kuliko mtu wa msimbo, ADAU1701 itakufaa. Weka nakala ya mradi kwenye simu na kwa barua pepe yako, si kwenye laptopu peke yake.

Kanisa lenye ukumbi mrefu na spika za nyuma linahitaji kumbukumbu ya kuchelewesha, kwa hiyo chaguo ni kati ya mbili zilizobaki. Kukiwa na kijana wa media anayejua C++ na maikrofoni za moja kwa moja, Teensy. Kukiwa hakuna, na pasta anataka kugusa simu tu, ESP32 yenye akiba ndogo na Wi-Fi iliyozimwa wakati wa ibada baada ya kupanga.

Mwanafunzi mwenye mradi wa mwaka wa mwisho aanze na ESP32. Atakosea kwa bei nafuu, na kila kosa la saketi litamfundisha kitu ambacho Teensy ingemficha. Akitaka Bluetooth ya muziki, achukue ESP32 ya kwanza, kwa sababu ESP32-S3 haina aina ile ya Bluetooth inayopokea muziki kutoka kwenye simu.

Anayerekodi gita au kinanda nyumbani na kutaka athari za mwangwi na sauti za ajabu ajabu ataifurahia Teensy kuliko zote. Maktaba yake imejaa vitu hivyo tayari.

Kama gari ni la volti 24, vipimo vya hapo juu bado vinafaa, lakini kabla ya kuunga chipu yoyote, unga kishusha-volti peke yake na ukipime. Vile vya LM2596 vyenye kifundo huja vikiwa vimezungushwa popote pale. Nilikiamini kimoja kwa sababu kilikuwa kipya kwenye mfuko. Kilikuwa kimewekwa volti 12, na Teensy inayotaka 5 ilitoa moshi mdogo mweupe kabla sijatoa mkono kwenye swichi.